Mnazi Uliokatwa kwa Upepo Usiofika

Mwabungo

Ndugu yangu mpendwa Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Salamu zako zilinifikia kabla ya Ramadhani iliyopita, kwa mkono wa yule mtu wa Tanga anayeleta mikeka. Aliniambia kwamba ndoa yako imevunjika, na kwamba umemtuma na swali moja tu: "Muulize kaka kama pale nyumbani pangali na mahali pangu." Nimekaa na swali hilo Ramadhani nzima na miezi iliyofuata. Sikulipuuza. Nilitaka kukuandikia jibu, wala si habari, na jibu sikuwa nalo. Sasa nimetambua kwamba mtu akingoja jibu mpaka liive, yule anayelingojea hudhani amesahauliwa. Basi leo nakuandikia habari.

Najua kwamba utasomewa barua hii na mtu mwingine. Sina neno la kuficha. Na aisome kwa sauti, hata barazani, mbele ya yeyote aliyepo.

Mama ni mzima. Macho yamepungua lakini ulimi haujapungua. Salimu, mdogo wetu, ana mtoto wa tatu. Mimi mwenyewe nimestaafu ualimu, nami huamka alfajiri kama kwamba kengele ya shule ingali yangu. Baada ya sala hupita upande wa magharibi wa nyumba, penye kisiki cha mnazi wako, na kila nikipita naukumbuka ule mwaka wa tufani.

Nitakueleza jinsi ninavyoukumbuka. Wewe uliuona kwa macho yako, lakini hatujawahi kuuzungumza mimi nawe, na mambo yasiyozungumzwa kila mtu huyahifadhi kwa namna yake.

Ulikuwa mwaka aliofariki baba. Wewe ulikuwa umekuja kwa matanga, na matanga yalipoanuliwa ulibaki ili umtumikie mama ndani ya eda. Masika yalikuwa yanaanza. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni Diani nilipoona watu wamejaa mbele ya duka la Mhindi, wakisikiliza redio yake ya betri. Karani wa chifu alikuwa pale na baiskeli yake, akieleza kwamba upepo mkubwa umebomoa nyumba huko kusini mwa Tanganyika na kwamba unapanda kuja kwetu. Amri ilikuwa kila aliye katika nyumba ya makuti ahamie shuleni, kwenye madarasa ya mawe, kabla ya kesho kutwa.

Nilipofika nyumbani nilikukuta uani unachambua mchele. Nilikwambia habari, nawe ukaendelea kuchambua.

"Tufani gani, kaka? Hapa kwetu tangu lini?"

"Redio imesema."

"Redio ya nani?"

"Ya Mhindi."

"Basi labda anataka kuuza mishumaa."

Nilikukaripia, nawe ulicheka. Lakini jioni ile watu walipoanza kupita njiani na magodoro vichwani wakielekea shule, uliweka ungo chini, ukaingia kwa mama. Nilikusikia ukimwambia, "Mama, tutahama kwa siku mbili." Nikasikia jibu lake, ambalo halikuwa kubwa wala dogo: "Hameni. Mimi nina eda."

Wewe unajua, na anayekusomea ajue pia kama hajui, kwamba mama yetu si mtu wa kuvunja neno. Mke aliyefiwa hukaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, wala hatoki isipokuwa kwa dharura. Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu kumwuliza. Alinijibu bila ya kufungua kitabu: hofu ya kuangukiwa na nyumba ni dharura, mama na atoke, wala hana dhambi. Nilirudi na jibu hilo nikiwa na furaha. Mama alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Nyumba imeanza kuanguka?"

"La, mama."

"Upepo umefika?"

"Bado."

"Basi dharura bado haijafika. Ikifika, nitatoka. Siwezi kumwacha baba yenu kwa upepo uliosikiwa dukani."

"Ukifika hutaweza kutoka tena, mama."

"Hapo itakuwa imeandikwa. Wewe mwalimu unajua kusoma."

Kwa kanuni alikuwa na haki: dharura inayotazamiwa si dharura iliyopo. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, nikakuona umeuma midomo. Ulitaka niseme kitu, nami sikuwa na hoja ya kusema.

Kama mama hatoki, basi nyumba ilibidi ifungwe hata upepo ushindwe nayo. Hayo ndiyo tuliyoyafanya siku iliyofuata, na siku ile, Mwanasiti, naihesabu miongoni mwa siku njema za maisha yangu. Nasema hivyo nikijua ilivyokwisha.

Salimu alileta jarife kuukuu kutoka kwa wavuvi, ule wavu wenye matundu mapana, tukalitandaza juu ya paa la nyumba, pande zote mbili. Mimi nawe tulikaa ukumbini tukisokota kamba za makumbi za kulifungia. Tulikuwa hatujakaa hivyo, mimi nawe, tangu utoto. Ulinitazama nikifunga fundo, ukalifungua.

"Kaka, fundo lako ni la kiualimu. Zuri kwa kutazama, halishiki kitu."

"Fundo hilo nimefundishwa na baba."

"Baba alikufundisha la kamba ya ng'ombe. Hii ni nyumba. Nyumba haitaki kwenda popote, wewe unaifunga kama kwamba itatoroka."

Ukanionyesha lako. Nililifunga kama ulivyonielekeza, nikafunga mengine zaidi ya kumi, na makombamoyo ya paa yakashikwa barabara na nguzo za kiambaza. Tulichimba mfereji kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yasile udongo. Ulijaza mitungi, ukatwanga makopa, ule muhogo mkavu, ukapata unga wa kutosha siku nyingi. Ng'onda, samaki wakavu, uliwafunga katika kipande cha turubali. Moto wa jikoni ulisema uzimwe upepo ukianza, na mafiga yatolewe nje, ili kaa lisirushwe likachoma makuti. Sikuwa nimelifikiri hilo. Mbuzi uliwaingiza katika chumba cha mimi na Salimu, ukatwambia: "Nyinyi mtalala pamoja nao. Hawana neno."

Mama alikuwa akisikiliza kila kitu kutoka chumbani, akitoa amri kupitia ukutani. "Kamba ya kona ile imelegea, naisikia." Hakika alikuwa akiisikia. Tulikwenda kutazama, tukaiona imelegea.

Kisha alasiri akaja Hamisi mkwezi, mtani wetu kwa upande wa baba, na shoka lake begani. Watu wengi walikuwa wamemwita siku ile akapunguze madafu na makuti ya minazi iliyo karibu na nyumba zao, kwa maana nazi moja ikirushwa na upepo ni kama jiwe. Alizunguka nyumba yetu mara moja. Akasimama chini ya mnazi wako.

"Mwanasiti! Mnazi wako huu umeinama kama kizee anayetafuta meno yake mchangani. Naye atayatafuta juu ya kitanda cha mama yako."

"Wewe pandisha mwili wako juu ukachume nazi. Mdomo uache chini," ukamjibu.

"Nikichuma nazi kichwa kitapungua uzito, lakini shina? Tazama hapa." Akapiga teke mchanga penye mizizi. Mizizi ya upande mmoja ilikuwa wazi, myekundu, imesuguliwa na mvua za miaka.

Hapo utani ulikwisha.

Anayekusomea huenda ni mtu wa bara, asiyejua desturi zetu. Na ajue kwamba kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi, na mnazi ule ni wa mtoto yule hata kama ardhi ni ya mwingine. Wangu uliliwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, nikiwa bado ninasoma chuoni. Wa Salimu upo kwenye kisima. Wako baba aliupanda mbali na nyumba, mahali pazuri, penye udongo. Kisha nyumba ikaongezwa chumba, kile cha mama, na chumba ndicho kilichoufuata mnazi. Ulipoolewa Msambweni ulikuwa ukija kila msimu kuchuma nazi zako. Ulizikausha mwenyewe, ukaziuza mbata mwenyewe, na baba alikuwa akimwambia mumeo mbele yako, "Huyu ana mali yake. Asikudanganye mtu kwamba amekuja kwako mikono mitupu." Namkumbuka baba akisema maneno hayo, nakukumbuka wewe ukitazama chini kwa haya na furaha.

Hamisi alisema mnazi ukatwe. Salimu alisema ukatwe. Wote wawili wakanitazama mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, nami nikawaambia kwamba mimi sina neno juu ya mnazi ule. Mnazi una mwenyewe, na mwenyewe yupo.

Nilisema haki. Lakini nakumbuka uso wako niliposema hivyo. Nadhani ulitaka nikutetee, nami nilikuachia amri.

"Mama atoke," ulisema. "Mama akitoka leo, kesho kutwa atarudi, hajapungukiwa na kitu. Mnazi ukitoka leo haurudi. Shehe amempa ruhusa. Kaka, mwambie."

"Nimekwisha kumwambia. Ameamua kuishika eda yake kwa ukamilifu. Sina njia ya kumkataza mtu kufanya jambo lililo bora."

"Bora kwa nani?"

Mama ndiye aliyejibu kutoka ndani, kwani alikuwa akitusikia wote.

"Msikate mnazi wa mtoto. Ukiniangukia, nitakuwa nimeangukiwa na mwanangu. Si mgeni."

Hamisi alisema polepole, "Lo, watu wa nyumba hii. Mmoja hataki kutoka, mwingine hataki kukata, na mwalimu hataki kusema. Upepo ukija utawaulizeni nyinyi mnataka nini." Hakuna aliyecheka.

Ulikwenda ukashika shina la mnazi kwa viganja vyote viwili. Hukulia. Kisha ukageuka ukamwambia Hamisi: "Kata. Lakini uuangushe upande wa njia, usiuangushie mfereji wa kaka." Ukaingia kwa mama, ukafunga mlango, wala hukutoka mpaka kishindo kilipokwisha.

Tufani ilikuja asubuhi ya siku ya pili. Niseme kweli: ulikuja upepo, nasi tuliuita tufani kwa kuwa tulikuwa tumeuandalia jina hilo. Mbingu zilikuwa na rangi ya shaba, bahari ikanguruma kwenye mwamba hata mama akaisikia kitandani. Mvua ilipiga ubavuni. Tulikaa wote chumbani kwa mama, tukisoma Yasini, na mbuzi wakilia chumba cha pili. Paa lilikuwa likipumua. Linapanda kidogo, jarife linalivuta, linashuka. Uliniambia sikioni, "Ni mafundo yangu hayo," na mimi nikakubali kwa kichwa. Paa la jiko lilikwenda. Lilikwenda zima, kama kofia. Kabla ya adhuhuri mvua ilipungua, na baada ya adhuhuri jua lilitoka. Jioni karani alipita na baiskeli yake akisema kwamba upepo mkubwa wenyewe uligeuka ukaenda baharini. Sisi tuliguswa na upindo wa nguo yake tu.

Watu walirudi kutoka shuleni. Kila mtu alikuwa akimshukuru Mungu. Salimu alichinja mbuzi mmoja awe sadaka. Hamisi alipasua kilele cha mnazi wako akatoa ule moyo wake mweupe, mtamu, tuliokuwa tukiugombea utotoni kila mnazi ulipoanguka, akaugawa kwa watu wote waliokuwa barazani. Nilikula. Shehe alikula. Mama alipelekewa kipande, naye akakila, hakuuliza kimetoka wapi. Na Hamisi, katikati ya kula, alitazama kisiki, akatazama makuti ya jiko yalivyoangukia, akasema lile neno lake:

"Lakini upepo umetoka huku! Mnazi huu hata kama ungaling'oka, ungaliangukia njiani. Usingaligusa nyumba."

Watu walicheka. Walikuwa wamepata salama, na aliyepata salama hucheka kwa jambo dogo. Wewe ulikuwa umeshika sahani ya wali, ukiwagawia. Uliendelea kugawa. Ulipofika kwangu uliniambia, "Ongeza, kaka, upo mwingi," nami nikaongeza.

Katika umati wote ule, Mwanasiti, hakuna mtu aliyekwambia pole. Kwetu mtu akijikwaa huambiwa pole, akibeba mzigo huambiwa pole, akifika kutoka safari huambiwa pole. Siku ile wewe hukuambiwa, na mimi nilikuwa mmoja wa wasiosema. Sikuona kwamba pana msiba. Mnazi ulikuwa wako, uliukata kwa hiari yako, mama alikuwa salama, na eda ilikuwa imeshikwa. Kila jambo lilikuwa mahali pake. Nimelichunguza jambo lile kwa miaka hii yote, kama nilivyokuwa nikichunguza insha za wanafunzi, nikitafuta kosa liko wapi, nami sijaliona. Sikuandikii ili kukiri kosa. Nakuandikia kwa sababu ninasikitika. Nilidhani ujanani kwamba pasipo na kosa hapawezi kuwa na majuto. Dhana hiyo si sahihi.

Pole, ndugu yangu. Pole sana kwa mnazi wako.

Eda ilipokwisha tulimtoa mama, ukamwosha, ukamvika nguo mpya. Siku ile ile ulikuja kwangu ukumbini, ukakaa chini mkekani, ukanyoosha kanga yako magotini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nina mche wa mnazi, nimeuotesha nyuma ya jiko. Nataka kuupanda pale pale, hatua chache kutoka kisikini, mbali na chumba cha mama. Nimekuja kuomba ruhusa."

Nilikujibu kwamba ardhi ya baba haijagawanywa. Mnazi ukiisha kuanguka, mahali pake hurudi kwenye ardhi, na ardhi sasa ni mirathi, na katika mirathi isiyogawanywa mrithi mmoja hapandi mti wa kudumu bila ya wenzake. Nilisema usubiri tugawanye.

"Tutagawanya lini?"

"Mambo yakitulia."

"Haya, kaka."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu katika nyumba ile. Mumeo alikuja kukuchukua, akiwa amepata kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Mliondoka juu ya lori la machungwa. Mche wako ulibaki nyuma ya jiko katika kifuu chake. Ulinyweshwa na mama kwa muda, kisha akasahau, na mimi niliuona umekauka. Siku ile nilijua kwamba mambo yalikuwa yametulia siku nyingi, na mirathi ilikuwa haijagawanywa.

Sasa nije kwenye swali lako.

Nilipompelekea mama salamu zako, hakungoja nimalize. "Mwandikie aje. Kesho aje. Nani anamwuliza mtu kama kwao ni kwao?" Nikamweleza kwamba nitakuandikia, lakini sharti jambo liende kwa utaratibu. Akaniambia, "Utaratibu wako ndio uliomweka Tanga." Sikumjibu mama yangu, ila nakujibu wewe, ili ujue kwa nini sikukuita palepale.

Mwaka huu Salimu ameomba kile kipande cha magharibi, penye kisiki mpaka njiani, ili ajenge duka. Barabara inapita karibu sasa, na watu wa hoteli za Diani wanaanza kupita. Ameshaleta mawe. Anasema kwamba wewe uliolewa ukaenda, kwamba hukuacha kitu pale, kwamba mwanamke akirudi hukaa chumbani kwa mama yake na hilo linamtosha. Salimu si mtu mbaya. Ana watoto, anafikiri juu ya watoto. Lakini mimi namtazama mama, ninaona umri wake. Ukija leo kwa kuitwa na mama tu, utakuwa mgeni wa mama. Siku mama atakapoondoka duniani, utakuwa mgeni wa Salimu. Na mgeni wa ndugu yake, Mwanasiti, huambiwa maneno kidogo kidogo, juu ya unga, juu ya maji, mpaka aondoke mwenyewe na kila mtu aseme kwamba aliondoka kwa hiari yake. Nimekwisha kukuona mara moja ukifanya jambo zito huku watu wakiliita hiari. Sitaki kuliona mara ya pili.

Kwa hiyo nimewaita wazee. Ijumaa ijayo, baada ya sala, tutakaa nyumbani pamoja na shehe, tugawanye mirathi ya baba kama ilivyotakiwa igawanywe zamani. Fungu lako ni nusu ya fungu la ndugu yako mwanamume. Hilo ni la Mungu, wala Salimu hana uwezo wa kulipunguza. Litakalozungumzwa ni wapi fungu hilo litakuwa. Salimu atataka upewe kule nyuma, bondeni, maji yanakosimama wakati wa masika. Mimi nitasema upewe magharibi, upande wa njia, penye udongo mzuri. Wazee watasikiliza pande zote mbili. Siwezi kukuahidi watakavyoamua. Mimi ni mkubwa wa nyumba, lakini wawili katika wazee hao ni wajomba wa mkewe Salimu, na mawe ya duka yameshafika, na mawe yaliyokwisha kufika husema sana katika baraza.

Nimekuwa nikijitayarisha maneno. Umri wangu wote nimewafundisha watu kupanga maneno, na sasa sioni jinsi ya kuyapanga. Nikisema kanuni peke yake, Salimu naye ana kanuni. Nitalazimika kusema jambo ambalo sijazoea kulisema mbele ya watu: kwamba uliombwa kitu kikubwa na nyumba hii, ukakitoa, tukala wali. Sijui kama wazee watalihesabu hilo kuwa hoja. Zamani mimi nisingelihesabu.

Mama amesema kwamba siku hiyo atakaa ukumbini, si chumbani, na kwamba anayetaka kusema vibaya juu yako aseme akimtazama. Nimemwambia kwamba hilo haliko katika utaratibu wa vikao vya wazee. Amesema, "Ndiyo maana nitakaa."

Shauri likiamuliwa, nitakuandikia siku ile ile, kabla ya jua kutua, nami nitampa barua yule mtu wa mikeka mwenyewe mkononi. Kama ni magharibi nitakuandikia. Kama ni bondeni nitakuandikia vilevile, wala sitalipamba neno. Kama hawakuafikiana nitakuandikia hivyo. Hutakaa tena Ramadhani nzima ukidhani kwamba umesahauliwa.

Yule mtu aliniambia kwamba umeanza kuuza vyombo huko. Kitanda chako usikiuze bado, mpaka upate barua hiyo.

Wassalaam. Ni mimi, kaka yako mkubwa.